Fundi Timazi na Bwawa la Mkunga

"Simama hapo hapo!" ilisema sauti kutoka chini ya ardhi. "Hatua moja zaidi, mgeni, utakuja kunisalimia huku niliko."

Nikasimama. Nilikuwa nimeshuka basi la tatu la siku hiyo, mkono mmoja sanduku, mkono mwingine karatasi yenye ramani iliyochorwa na mtu anayeujua mji wake vizuri mno, yaani aliyeacha kuandika kila jambo ambalo yeye halisahau. Nilipiga hodi mlango wa mbele, sikujibiwa. Nikapita ubavuni mwa nyumba, nikakunja kona, na mbele ya ncha za viatu vyangu ardhi ikaisha.

Lilikuwa bwawa la kuogelea, au kitu kilichowahi kuwa bwawa la kuogelea. Vigae vya bluu vilikuwa vimebanduka nusu. Chini kabisa, mahali ambapo mtu mrefu akinyoosha mikono bado asingeufikia ukingo, alisimama mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma, utepe wa kupimia mkononi, maji ya kijani yakimfika magotini. Vyura wawili walimtazama kutoka kwenye ngazi ya chuma kama wasimamizi wa kazi.

Akainua macho, akalitazama sanduku langu, akasoma kwa sauti kibandiko kilichokuwa ubavuni: "Shika... kwa... uangalifu." Akatikisa kichwa. "Hawakushika."

Hivyo ndivyo nilivyokutana na Fundi Timazi. Jina hilo alipewa na waashi wenzake, kwa sababu ya kile chuma chenye ncha kinachoning'inizwa kwenye uzi ili kupima kama ukuta umesimama wima. Yeye hakuachana nacho hata akienda harusini, kimo mfukoni. Mjini walisema ukiona ukuta wa Timazi umeinama, kaichunguze dunia. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema hivyo.

Mwenye nyumba alitokea mlango wa nyuma akijifuta mikono. Alikuwa mkunga mstaafu, mjane, mama wa mwili wa kutosha na sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha watu walio katika maumivu. Mji mzima ulimwita Mama Mkunga.

"Umeshakutana na Timazi?" akaniuliza. "Basi umemaliza vivutio vya mji. Chumba ulichokodi ni kile pale. Tahadhari moja tu: ukiamka asubuhi na usingizi machoni, usitoke kwa mlango huu. Vipandio vitatu, halafu unazama."

Kweli. Kutoka kizingiti cha mlango wa nyuma vilishuka vipandio vitatu vya saruji, na kipandio cha tatu kiliishia kwenye ukingo, pale pale penye kina kirefu kuliko pote. Sehemu ya maji mafupi, ya kiunoni, ilikuwa upande wa pili, imebanwa na ukuta wa jirani, haina ngazi wala njia. Kati ya ukingo na ukuta hata paka alipita kwa kujipinda. Kwa hiyo ili mtu afike penye maji ya kiunoni, alipaswa kwanza avuke penye maji ya kumeza watu. Nimeona mabwawa katika miji mingi, ya hoteli na ya matajiri waliofilisika, lakini lililowataka watu wajue kuogelea kabla ya kujifunza kuogelea lilikuwa hili moja.

"Nani alilipanga hivi?" nikauliza.

"Marehemu mume wangu," alisema Mama Mkunga bila kusita. "Alikuwa mkuu wa posta. Barua za watu alizifikisha zote zinakokwenda. La kwake mwenyewe likafika kinyume."

Chini, utepe wa kupimia ulijikunja kwa kishindo na kurudi ndani ya kikopo chake. Timazi aliinama kuuchunguza kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili.

* * *

Habari ya bwawa ilikuwa fupi. Tangu mkuu wa posta afariki, pampu ilikuwa imeharibika, na maji ya mvua yalituama humo mwaka mzima. Ndani yake vilizaliwa viluwiluwi, na kutoka kwa viluwiluwi wakazaliwa mbu wa kutosha mtaa mzima. Bwana afya alileta barua yenye muhuri: ndani ya siku ishirini na moja maji yale yasiwepo, la sivyo manispaa italeta tingatinga. Na tingatinga, ili lifike uani, lingelazimika kwanza kupita katikati ya jiko.

"Huyo bwana afya nilimpokea mimi akizaliwa," Mama Mkunga alilalamika akiipepea barua. "Nimemshika miguu, kichwa chini, kabla hajajua kulia. Leo ananiandikia 'unaamriwa'."

Swali lilikuwa hili: bwawa ligeuzwe nini? Kila aliyepiga simu alikuwa na jibu, na Mama Mkunga aliiweka simu mezani ikipaza sauti ili sote tufaidi. Mwanawe aliyekuwa mbali alitaka likaushwe, liwekwe viti na taa, pawe sebule ya chini. ("Nishuke ngazi ya chuma na mgongo huu, nikanywe chai shimoni?" mama yake alimuuliza.) Dada yake alitaka samaki. Jirani alipendekeza wangojee tu likauke lenyewe.

"Hapo ndipo pabaya kuliko pote," Timazi alidakia. "Bwawa tupu halilali. Kuna daktari wa meno mmoja, alilikausha lake kabla ya masika, akaliacha. Maji ya ardhini yakapanda, yakalikuta ni chombo kitupu. Unajua chombo kitupu kikikuta maji kinafanya nini?"

"Kinaelea," alijibu shemeji yake.

Huyo shemeji ndiye aliyekuwa msaidizi wake wa kazi: kaka wa mkewe, mtu wa tumbo na kicheko, fundi wa kukoroga zege, na mdomo usio na kifuniko. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na tisa.

"Lilielea," Timazi alisema. "Lilipanda futi tatu juu ya ardhi, na vigae vyake vyote. Daktari akaamka, bwawa limesimama mlangoni kama mgeni. Hapana, Mama. La kufanya ni moja. Tutoboe sakafu matobo mengi, maji yapate pa kutokea. Tubomoe ukingo. Tujaze kifusi, tushindilie, juu udongo mzuri. Tulizike. Baada ya miezi mitatu hakuna atakayejua kwamba hapa palikuwa na bwawa."

"Atakuwa amelizika lake la nane," shemeji alinieleza kwa fahari. "Miaka ya nyuma alijenga kumi na mawili. Matajiri wamezeeka, watoto wamehama, sasa wanamwita yule yule aje azike. Mtu anazaa na kufukia mwenyewe! Na hakuna hata moja alilokosea. Muulize."

"Sijakosea," alisema Timazi, lakini aliwaambia vyura.

Mama Mkunga hakuwa na haraka ya mazishi. Alitaka kufikiri. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, alisema kwanza atautafuta ule mchoro wa bwawa, ambao marehemu aliuhifadhi kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti na barua za mapenzi.

"Mchoro wa nini?" Timazi aliuliza. "Mimi nalijua bwawa hili kwa kichwa."

"Wa kujua mabomba yanapita wapi, shemeji," alisema shemeji. "Si wewe mwenyewe unasemaga, fundi bila mchoro ni mganga?"

Timazi akamtazama kama mtu anavyotazama ndoo inayovuja.

* * *

Timazi alikuwa na tabia moja ambayo sikuielewa mwanzoni: alisoma kila kilichoandikwa, kwa sauti, polepole, hadi mwisho. Mfuko wa saruji aliusoma wote, pamoja na onyo la kutokupumua vumbi. Alisoma gazeti lililofungia misumari. Kwenye geti dogo la uani palikuwa na kibao cha MBWA MKALI, ingawa mbwa mwenyewe alikuwa amekufa siku nyingi, na Timazi alikisoma kila asubuhi akiingia na kila jioni akitoka.

Siku ya tatu, jua likielekea kushuka, nilikuwa nimeketi kwenye vipandio na kitabu. Shemeji alikuwa ameenda kuazima toroli. Timazi alikuja akaketi kando yangu, akasoma jina la kitabu. Kisha akauliza:

"Umesema unakaa siku ngapi?"

"Mbili tatu zaidi."

"Halafu unakwenda mbali?"

"Mbali."

"Vizuri," alisema. "Nina mzigo, nataka uondoke nao."

Akaniambia. Miaka ishirini na sita nyuma, alipokuwa fundi kijana mwenye sifa changa, mkuu wa posta alimwita akamkabidhi mchoro wa bwawa, kisha akahamishwa kikazi mji mwingine kwa miezi minne. Mkewe alikuwa zamu za usiku hospitalini, mchana analala. Kwenye karatasi palikuwa na umbo la bwawa lililochorwa kwa ubavu, kina upande mmoja, maji mafupi upande mwingine. Chini ya kila ncha palikuwa na maneno. Vipimo, Timazi aliweza kuvisoma, maana tarakimu alijifunzia kazini. Maneno, hakuweza. Hakuwa amekaa darasani hata siku moja.

"Ningeuliza," alisema. "Lakini nilikuwa nimemwambia mkuu wa posta, 'Mchoro huu ni mzuri, unasomeka.' Mtu huwezi kusema unasomeka, kesho ukauliza unasemaje."

Basi alikaa juu ya ndoo akafikiri. Upande wa kina paliandikwa maneno marefu. Upande wa maji mafupi paliandikwa neno moja fupi. Alijua moja ni nyumba na jingine ni ukuta wa jirani.

"Nikajiambia: nyumba ni kitu kikubwa. Ina vyumba, ina paa, ina watu. Ukuta ni ukuta. Kitu kikubwa lazima kiwe na maandishi makubwa." Akaniangalia. "Wewe usicheke."

"Sicheki."

"Unacheka na macho."

Mkuu wa posta alirudi siku yenyewe ya uzinduzi. Bwawa lilikuwa limejaa, linang'aa, na maji yaliyojaa hayaonyeshi kina. Wageni walikuwa wamekaa. Bwana mkubwa akavua viatu, akakunja suruali hadi magotini, akasema, "Tazameni, hapa hata mtoto anasimama," akashuka kutoka kipandio cha tatu kwa hatua ya heshima. Ikabaki kofia.

"Alipopanda juu alinitazama," Timazi alisema. "Maji yanamchuruzika. Nikajua amejua. Nikangoja anitukane. Akawageukia wageni, akasema: 'Nimetaka hivyo. Napenda kupiga mbizi kutoka mlangoni.' Mimi na yeye hatukulizungumza tena hadi anaingia kaburini. Sikujua kama ananisitiri mimi au anajisitiri yeye."

Miaka minane baadaye, akiwa na umri wa watu wazima kabisa, binti yake alipoanza shule, Timazi alijifunza kusoma pamoja naye kwenye daftari moja. Siku aliyoweza kuisoma nyumba na kuusoma ukuta wa jirani, alisema, hakula.

"Kwa hiyo unataka lizikwe."

"Nataka lizikwe kabla mchoro haujaonekana. Mji huu, ukuta wangu ndio cheti changu, sina kingine. Na huyo shemeji akilijua hilo..." Hakumaliza, maana toroli lilikuwa linasikika likija, na shemeji akiimba mbele yake.

* * *

Sanduku la bati lilifunguliwa siku ya tano, juu ya meza ya jikoni, sote tukiwepo. Mama Mkunga alitoa vyeti, barua zilizofungwa kwa utepe ambazo aliziweka upande kwa haraka, kisha bahasha kubwa ya posta. Aliitikisa. Likamwagika vumbi la kahawia, na ndani ya vumbi mchwa wawili watatu waliokuwa bado kazini. Mchoro ulikuwa umebaki kona moja, upana wa kiganja, yenye picha ya dira.

Sijawahi kumwona mtu akiwatazama mchwa kwa upendo kama ule. Timazi alivuta kiti akaketi. Hata chai aliomba, yeye ambaye chai ya kazini hunywa amesimama.

"Basi," alisema Mama Mkunga, akilipuliza vumbi. "Marehemu amekula ushahidi wake. Maana mimi nilitaka nione kwa macho yangu alivyokosea. Kila mwaka nikienda kumtembelea kaburini namuuliza, 'Mume wangu, huko umelala kichwa upande gani?'" Akacheka, lakini akaendelea kuzikunja pembe za bahasha. "Mnajua aliniita mwoga wa maji? Mbele ya wageni, miaka yote. 'Mke wangu ana bwawa mlangoni na hajalowesha kisigino.' Ningelowesha vipi? Nilitaka kuanza na maji ya kiunoni kama watu. Alisema alikusudia. Nilijua siku ile ile hakukusudia. Mtu anayekusudia kupiga mbizi havai saa."

Shemeji alicheka hadi meza ikatikisika. Timazi aliitazama chai yake. Hakuinywa.

Ni Mama Mkunga huyo huyo aliyepata jibu la bwawa, jioni ile, mvua ya ghafla ilipotukimbiza barazani. Mfereji wa bati ulikusanya maji ya paa lote na kuyamwaga kwenye kona ya nyumba, hatua tatu kutoka kwenye kina. Alisimama akiyatazama yakipotea kwenye matope.

"Timazi, njoo. Ukijenga ukuta ukakata bwawa katikati, hiki kina kikawa tangi, ukalifunika kwa zege, bomba likatoka hapa likaingia hapa, nitanunua maji tena?"

Timazi alipiga hesabu midomoni, kwa mazoea, kabla hajakumbuka kwamba hataki. "Hutanunua," alisema. Ndivyo alivyo, kweli ya ujenzi humtoka hata akiwa hapendi. Akajaribu kujitetea: "Lakini kufukia ni..."

"Na kule kufupi utoboe matobo yako, ujaze udongo, nipande mboga. Tumemaliza?"

"Likifunikwa vizuri mbu haingii," shemeji aliongeza. "Wazo la Mwenyezi Mungu hilo!"

"Tumemaliza," alisema Timazi.

* * *

Kazi ilichukua siku kumi na mbili. Niliongeza siku zangu mara mbili, kwa sababu ya chumba, nilijidai. Waliyanyonya maji, wakawahamishia vyura mtaroni kwa ndoo na maneno ya pole. Waliinua ukuta wa kukata bwawa, na kila baada ya tofali Timazi aliitoa timazi mfukoni, akaining'iniza, akangoja itulie, akaangalia kwa jicho moja. Upande wa ukuta wa jirani alitoboa sakafu matobo ishirini na manne, akiyahesabu, kisha akajaza kifusi cha ukingo wa zamani, na juu yake udongo mweusi. Upande wa kina walipiga lipu ya kuzuia maji, wakasimamisha mbao, wakasuka nondo.

Niliona kitu kimoja. Kila mara Mama Mkunga alipomtania marehemu, na alimtania kila siku, maana ndivyo alivyomkumbuka, Timazi aliacha kazi. Mwiko ulisimama hewani hadi utani upite.

Siku ya kumwaga zege, bwana afya alikuja kukagua na faili kwapani. Alikuwa kijana mwenye adabu na tai. Alitembea ukingoni, akatazama paa, akatazama mfereji, akatazama lile tangi lililofunikwa ambalo zege lake lilikuwa limesawazishwa muda mfupi uliopita, bichi na laini kama uji.

"Hii ni akili," alisema. "Nani aliweka kina karibu na paa? Mabwawa yote niliyokagua, kina kiko mbali na nyumba. Huko tangi kama hili lisingewezekana."

"Mume wangu, na hakuwa na akili hiyo," alisema Mama Mkunga. "Alikosea mchoro. Andika kwenye faili: marehemu alikosea, mjane akafaidi."

"Siyo, Mama!" Shemeji alipiga koleo chini. "Mimi nasema ni huyu! Shemeji yangu aliona mbali. Miaka ishirini na sita nyuma, akajua ipo siku mtataka tangi. Sema kweli, shemeji, hukukusudia?"

Wote wakamgeukia. Alikuwa amepiga magoti kwenye ubao uliolazwa juu ya ukingo, mwiko mkononi. Milango miwili ilikuwa wazi mbele yake, mmoja wa kunyamaza na mmoja wa kuitikia kwa kichwa tu, na yote miwili ilimtoa nje akiwa na sifa kuliko alivyoingia. Mchwa walikuwa wameshamaliza kazi yao. Nami nilikuwa mpita njia.

Aliuweka mwiko chini, upande, kwa uangalifu.

"Mama," alisema. "Marehemu hakukosea mchoro."

"Unamtetea. Mwanaume akifa wote wanamtetea."

"Simtetei. Mchoro ulikuwa sawa. Maji mafupi yalikuwa nyumbani, kina ukutani. Paliandikwa. Mimi sikujua kusoma. Nilibahatisha. Nikamwambia unasomeka, halafu nikabahatisha."

Hata bwana afya aliacha kuandika. Mama Mkunga alisimama kwenye kipandio cha tatu, mikono kiunoni, na sura yake ilipitia mambo kadhaa ambayo sikuyafuata yote.

"Ulijua nilikuwa namlaumu yeye."

"Nilijua."

"Na yeye alijua ni wewe."

"Alijua. Alinitazama mara moja."

"Halafu akasema alitaka hivyo." Sauti yake ilishuka. "Mpuuzi yule. Miaka yote ananiita mwoga, na neno moja tu lingetosha."

"Nisamehe, Mama."

"Ngoja kwanza, nahesabu." Akahesabu kweli, kwa vidole. "Namwomba marehemu radhi mara ishirini na sita. Hiyo ni safari ya kesho, nitachukua kiti, maana ni maneno mengi. Na wewe, Timazi! Nimewazalisha wanawake wa mji huu miaka thelathini na tano, na wote nimewaambia jambo moja: mficha uchi hazai. Hata hivyo sijaona mtu aliyekaa na uchungu miaka ishirini na sita. Unaendeleaje?"

Timazi alifikiri. "Nimechoka," alisema.

"Hiyo ni kawaida. Mtoto yu mzima, mama anahitaji chai." Akageuka kwa bwana afya. "Na wewe andika: mjane si mwoga wa maji. Tia muhuri."

Ni shemeji tu aliyekuwa hajasema kitu. Alikaa juu ya mfuko wa saruji, mdomo wazi, kama mtu aliyeokota hazina na hajui aanzie wapi kuitumia.

"Shemeji," alisema hatimaye, taratibu, kwa furaha kubwa. "Kwa hiyo mimi nimebeba zege miaka kumi na tisa..."

"Sema yote leo," Timazi alimwambia. "Kesho uwe umemaliza."

"Leo? Haya ni ya kula na wajukuu!"

* * *

Mafundi wale wana desturi yao: kazi ikiisha, kabla zege halijashika, fundi huchora alama yake pembeni. Ya Timazi ilijulikana mji mzima, mstari ulionyooka, na chini yake kile chuma chenye ncha. Alipiga magoti ukingoni mwa kifuniko cha tangi, kwenye kona inayotazama mlango, akachora kwa ncha ya msumari. Alichukua muda. Alipoinuka, tulikwenda kutazama.

Alikuwa ameichora juu chini. Chuma kilikuwa juu, uzi umening'inia chini yake, kitu ambacho hakuna timazi duniani iliyowahi kufanya.

Mama Mkunga aliitazama, akaweka mkono mdomoni.

"Iache hivyo," alisema.

"Inabaki hivyo," alisema Timazi. "Wakiuliza, waambie."

"Hawatauliza," alisema shemeji. "Watakuwa wameshaambiwa."

Wakakusanya vyombo. Walikuwa na kazi nyingine mji wa pili, bwawa la hoteli iliyofungwa; mbao za chini ya kifuniko shemeji angekuja kuzitoa baada ya wiki tatu. Timazi alinikabidhi kopo la kumwagilia.

"Asubuhi na jioni, siku saba. Zege bichi likikauka haraka linapasuka. Na msikanyage, hata kama Mama anataka kuvuka kwenda kuona mboga zake. Hasa Mama." Akanitazama, kisha akalitazama dirisha la chumba changu, ambako nguo zangu zilikuwa zimeanikwa. "Nilikupa ile siri kwa sababu wewe ndiye wa kuondoka."

"Nilikuwa naondoka."

"Sasa mimi naondoka, wewe umebaki na kopo." Akainua mfuko wa vyombo begani. "Unaandika, nimekuona. Andika tu. Shemeji atakuwa amekutangulia."

Walipofika getini, alisimama, akasoma, "Mbwa mkali," akafungua. Mama Mkunga alipaza sauti kutoka kwenye kipandio cha tatu:

"Timazi! Nyumba iko upande gani?"

Bila kugeuka, aliinua mkono wenye mwiko akaonyesha nyuma yake, moja kwa moja, mahali alipokuwa amesimama mama yule.

"Amebahatisha!" tulimsikia shemeji akisema, na geti likafungwa, na kicheko cha shemeji kikawa kinapungua kufuata barabara, kikisimama mara kwa mara, bila shaka kwa kila waliyekutana naye.

Nikajaza kopo. Mama Mkunga alikuwa ameshavua viatu, akilipima zege kwa macho kutoka mlangoni hadi kwenye udongo mweusi wa upande wa pili.

"Siku saba, Mama," nikamkumbusha.

"Nimesikia," alisema, akaketi kwenye kipandio kungoja.